Kubomoa nyumba ya mzee huko Lanet na kujenga upya: nianzie wapi, na tangi la mvua litapona?

Binti wa Lanet

Hamjambo wenzangu. Naomba msaada wa waliowahi kubomoa nyumba ya wazazi wakajenga nyingine palepale. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu kila ninayemuuliza ananijibu nusu, na ile nusu anayoiacha ndiyo inayonitoa pesa.

Nyumba iko Lanet, Nakuru, kwenye robo ekari ambayo baba aliipata kwa hisa za kampuni ya kununua mashamba, wakati mashamba ya walowezi yalipokuwa yakikatwa vipande. Alianza na vyumba viwili vya mbao mwaka wa 1979. Mwaka wa 1984 akaongeza mbele sebule na vyumba viwili vya mawe, akaviezeka kwa mabamba ya asbestosi aliyouziwa na mtu aliyekuwa akibomoa ghala. Baba alitutoka 2016. Mama sasa ana miaka 76 na anaishi humo na mjukuu wake wa gredi ya saba.

Vile vyumba vya mbao vimekwisha. Ukiegemea ukuta wa jikoni unasikia unga wa mchwa ukimiminika ndani kama mtama unaomwagwa kwenye gunia. Upande wa mawe, bamba moja lilipasuka mvua za Aprili. Nilipofika nilikuta beseni juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala baba, na mama amejikunja upande wa ukutani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nilirudi kazini siku ile nikiwa siwezi kuzungumza.

Tuko watoto wanne. Kaka mkubwa yuko Marekani, wengine tuko hapa nchini. Wote wamekubali kuchanga, nami nimeidhinishiwa mkopo wa sako, bado sijauchukua.

Sasa shida. Hati ya ardhi bado ina jina la baba. Mwaka jana nilimpa mtu shilingi 85,000 atuchoree ramani aipitishe kaunti. Aliniletea karatasi nzuri zenye mhuri, na nilipozipeleka kwa mtu anayejua, akaniambia mhuri ule ni wa msanifu ambaye hajawahi kusikia habari za ploti yetu. Simu ya yule bwana haipatikani hadi leo.

Wajenzi nao: mmoja ametoa milioni 4.6 kwa BQ (orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na bei zake) ya kurasa kumi na moja. Wa pili milioni 3.1 kwa karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu. Wa tatu alizunguka nyumba mara moja akasema, "Nipe laki mbili Jumatatu nianze kubomoa, mengine tutaelewana." Huyo wa tatu ndiye kila mtu kijijini anamsifu.

Halafu kuna tangi. Nyuma ya nyumba baba alijenga tangi la mawe la kukinga maji ya mvua, mwaka wa 1986, kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili. Watu wa Nakuru mtanielewa: maji ya visima vya huku yana floraidi nyingi. Kaka yangu na mimi tulikulia maji ya kisima, na meno yetu ni ya kahawia. Wadogo zetu wawili waliozaliwa baada ya tangi wana meno meupe. Ukitupanga kwenye picha unajua ni mwaka gani tangi lilikamilika. Wajenzi wote watatu wanasema tangi liko pale jikoni mpya itakapokuwa, kwa hivyo livunjwe. Mama kasema neno moja: "Nyumba bomoeni, tangi msiguse."

Nifanye nini kwanza? Na je, haya mabamba ya asbestosi fundi wa kawaida anaweza kuyashusha?

Karani wa Section 58

Pole dada, na pole kwa mama. Nimefanya kazi ofisi ya wakili miaka mingi, kwa hivyo nitagusa lile la hati tu. Wengine watakueleza ya mjengo.

Usibomoe chochote kabla ya mirathi. Najua mnakubaliana nyote, lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila kibali cha mahakama. Ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Watu husema sheria hiyo haitumiki ndani ya familia. Hutumika siku ile shemeji mmoja anapokasirika. Nimeona nyumba imesimama kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, miaka minne kwa ajili ya kesi kama hiyo.

Kuziba paa linalovuja ni kuhifadhi mali, hakuna atakayekulaumu. Kuangusha nyumba ni jambo jingine.

Safari yenyewe ni hii. Nendeni kwa chifu na cheti cha kifo, awape barua inayowataja warithi wote, mama na nyinyi wanne, hata aliye ng'ambo. Fanyeni utafutaji rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi. Ombi linawekwa mahakamani. Mali yote ya mzee ikiwa haizidi milioni 20, mahakama ya hakimu mkuu inatosha, si lazima Mahakama Kuu. Tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi, mnasubiri siku 30 kama kuna pingamizi, kisha mnapewa hati ya usimamizi. Baada ya hapo ni miezi sita kabla ya kuithibitisha, ingawa mahakama ikiombwa kwa sababu nzuri inaweza kufupisha. Ikishathibitishwa ndipo ofisi ya ardhi inabadilisha jina.

Kaka yako atie sahihi ya kukubali mbele ya notari huko aliko, na alete karatasi yenyewe. Hilo lifanyeni sasa hivi. Karatasi za kutoka ng'ambo ndizo huchelewesha watu.

Jambo moja zaidi, na naomba ulisome mara mbili. Kwa sheria hiyo hiyo, kifungu cha 35, mama yenu ana haki ya kutumia mali hiyo maisha yake yote. Kwa hivyo mnapoandika nani atarithi nini, haki yake iandikwe waziwazi. Nimeshuhudia watoto wazuri, wenye nia njema kabisa, wakimjengea mama nyumba ya fahari kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mtoto mmoja. Yule mtoto akafa, na mkewe akawa na mipango yake.

Mkopo wa sako usiuchukue bado. Riba haingoji mahakama.

Mchora Ramani, Naka

Nakubaliana na karani. Wakati mnangoja mahakama kuna kazi yangu inayoweza kuendelea.

Dada, kwanza mpate mpima ardhi mwenye leseni athibitishe bikoni, zile alama za mipaka ya ploti. Ploti nyingi za kampuni za ardhi ua ulipigwa kwa macho, na si ajabu kukuta jirani ameingia mita moja, au nyinyi ndio mmeingia kwake. Ni afadhali kuligundua hilo mkiwa na ramani mkononi kuliko mkiwa na ukuta.

Kisha tafuta msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yao, na injinia aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Usimtafute kwa mhuri, mtafute kwa jina kwenye orodha ya bodi, kisha umpigie kwa namba utakayoipata huko, si kwa namba aliyokupa mtu wa kati. Yule wa mwaka jana angenaswa kwa simu moja. Na uripoti kwa bodi, kwa sababu huyo msanifu mwenye mhuri naye ameibiwa.

Kaunti itataka nakala ya hati na utafutaji wa karibuni, risiti kwamba kodi ya ardhi imelipwa, michoro ya msanifu, na michoro ya injinia. Kubomoa nako kuombee ruhusa, usifikiri ni jambo la kwenu ndani ya ua. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka wa 2019 inaipa kaunti siku 60 kujibu ombi, na anayeanza kujenga bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi nusu milioni. Michoro ikipita, mradi unasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ukiwa na mkandarasi aliyesajiliwa. Ukimuuliza yule wa laki mbili cheti chake cha NCA, utajua upesi kama sifa za kijijini zina karatasi. Tangu Machi 2025 tunachora kwa kanuni mpya za ujenzi zilizochukua nafasi ya zile za mwaka wa 1968, kwa hivyo ramani ya zamani ya jirani usikubali uuziwe.

Asbestosi: hapana, fundi wa kawaida asiiguse. Vumbi lake likivutwa hukaa kwenye mapafu, na maradhi hujitokeza baada ya miaka mingi. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina mwongozo wake wa mwaka wa 2011 na ina watu waliopewa leseni ya kuyaondoa. Mabamba hulowanishwa maji, yanafunguliwa skrubu moja moja, hayavunjwi wala kurushwa chini, yanafungwa kwa nailoni nzito na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Lile lililopasuka msilitoboe wala kulipiga msasa. Funikeni kwa turubai juu. Na mjukuu asichezee chini ya paa hilo. Vipande vilivyoanguka vilowanisheni maji, vivalieni glavu na barakoa, mviweke kwenye mfuko mzito mfunge. Msivifagie vikiwa vikavu.

Sasa tangi. Umenishika hapo, nami nimezaliwa Bahati na meno yangu yanajulikana. Robo ekari ni kama mita elfu moja za mraba. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala inachukua mita mia moja na kitu. Hakuna sababu yoyote ya jikoni kuwa juu ya tangi isipokuwa uvivu wa kuchora. Mwambie msanifu tangi ni sehemu ya ploti kama bikoni, achore kuanzia hapo. Akague tu kama kuta bado nzima na umbali wa msingi mpya unatosha.

Binti wa Lanet

Karani, Mchora, Mungu awabariki. Nimelisoma lile la kifungu cha 35 mara tatu, si mbili. Nimempigia kaka saa hii hii na amekubali.

Mchora, maji tunayokunywa miaka yote hii yanatoka kwenye paa hilo la asbestosi. Nimekaa nikiwaza kama baba alitutoa kwenye shida moja akatuingiza kwenye nyingine.

Mchora Ramani, Naka

Usimbebeshe mzee lawama hiyo. Enzi hizo serikali yenyewe ilikuwa ikiezeka shule na nyumba za wafanyakazi kwa mabamba hayo, na Kenya ilikuja kuyapiga marufuku 2006. Hatari inayojulikana vizuri ni ya kuvuta vumbi lake, ndiyo maana nasisitiza yasivunjwe. Kwa sasa kateni gata zinazoingia tangini, mnunue maji yaliyosafishwa, na baada ya paa kuondoka tangi liondolewe matope yakiwa mabichi, lisuguliwe, lipakwe plasta mpya ndani. Mzee alijenga vizuri. Tutambadilishia paa tu.

Mkaaji wa Nyalenda

Dada, mimi niko Kisumu na udongo wetu ni ule mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hivyo msingi wangu na wako si ndugu. Lakini nina mambo mawili.

La kwanza, muulizeni mama vyoo vyote vya zamani vilikuwa wapi. Vyote. Sisi tulibomoa nyumba ya mama yangu, tukajenga mpya kubwa kidogo kuliko ya kwanza, na kona moja ya sebule ikaangukia juu ya choo cha shimo kilichofukiwa kabla sijazaliwa. Fundi aliona udongo umebadilika rangi akiwa anachimba, akaongeza mawe kidogo akaendelea. Mwaka wa pili ukuta ukafunguka kutoka kona ya dirisha hadi chini, ufa wa kuingiza sarafu ya shilingi kumi imesimama. Tulibomoa kona nzima, tukalifukua shimo lote, tukalijaza mawe na zege, tukaanza tena. Zile pesa zingetosha kupaka nyumba rangi na kuweka vigae.

Mama alikuwa anakijua kile choo. Hakuna aliyemuuliza.

La pili ni la mama mwenyewe. Tulimpeleka kwa ndugu yangu Kibos "kwa miezi mitatu." Ikawa miezi minane. Kila Jumapili alikuwa akiniuliza kama kuku wake wako hai. Alirudi amepungua, na nyumba mpya aliiingia kama mgeni, anaomba ruhusa ya kukaa. Ningepewa nafasi tena, ningemjengea vyumba viwili vya mabati kwenye pembe ya ploti kabla ya kung'oa msumari mmoja. Aone kila kitu, agombane na mafundi, awapikie chai akitaka. Baadaye vyumba hivyo vitakuwa stoo.

Fundi wa Bahati

Mimi ni mwashi, nina miaka ishirini na mitatu kwenye mjengo. Mama Nakuru, nikuite hivyo, sikiliza.

Huyo wa karatasi ya kalamu si lazima awe mwizi. Huenda hajui kuandika BQ. Lakini milioni 3.1 na 4.6 huwezi kuzilinganisha mpaka zote mbili ziwe zinazungumzia vitu vile vile. Chukua BQ ya msanifu wako, wape wote watatu karatasi moja, kila mmoja ajaze bei zake. Utashangaa. Mara nyingi yule wa bei ya chini ameacha kubeba kifusi, kuezua paa, tangi la maji taka na waya za stima. Atakuja kukudai katikati ya kazi, ukiwa huna pa kwenda.

Kubomoa: kabla ya nyundo ya kwanza, watu wa stima waondoe mita na waya kwa barua, na maji yafungwe barabarani. Kuna vijana hubomoa bure wakichukua mbao, madirisha na mabati. Sawa, lakini mwandikiane nini ni chao na nini ni chenu. Mawe ya 1984 yakishushwa kwa mkono mengi hupona, na yanafaa kwa msingi au ukuta wa ua. Yakishushwa na tingatinga ni kifusi.

Pesa usitoe kwa tarehe, toa kwa kazi iliyosimama: msingi umejazwa na slebu (sakafu ya zege) imemwagwa, kuta zimefika lenta, paa limefungwa, plasta, na kumalizia. Kila mara bakiza asilimia kumi ambayo mkandarasi ataichukua miezi sita baada ya kukabidhi, mvua zikiwa zimepiga paa na milango imevimba ikajulikana tabia yake. Mjengo wenye pesa za kubakizwa hupigiwa simu na kupokewa.

Siku ya kumwaga slebu mtu wa familia awepo kuanzia saa moja asubuhi. Simiti moja, mchanga miwili, kokoto minne, wapime kwa boksi, si kwa sepeto. Mtu akianza kuhesabu masepeto jua simiti inapungua kila anapochoka. Na baada ya kumwaga, maji kila asubuhi na jioni kwa siku saba. Hiyo kazi mpe mama. Sijaona mama akiisahau, nimeona mafundi wengi wakiisahau.

Udongo wa huku ni majivu ya Menengai, mwepesi, unachimbika kwa urahisi, na ndio unaowadanganya watu. Injinia achimbishe mashimo mawili matatu ya kupima kabla ya kuchora msingi. Panga kuezua Desemba au Januari, upate kiangazi hadi Machi.

Wafanyakazi wawe na bima ya kuumia kazini. Niliwahi kumshika kijana mikononi baada ya kuanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, na mwenye nyumba akawa anatafuta pesa za hospitali kwa majirani. Yule kijana hatembei vizuri hadi leo. Bima muulize mkandarasi siku ya kwanza, na uione kwa macho.

Binti wa Lanet

Narudi baada ya wiki sita niwape habari, kwa sababu mlinibeba.

Barua ya chifu tunayo. Karatasi ya kaka imefika kutoka Marekani ikiwa na sahihi na mhuri wa notari, na ombi liko mahakamani. Turubai limefungwa juu ya bamba lililopasuka, na beseni limerudi jikoni.

Mpima ardhi alikuja. Bikoni tatu alizipata, ya nne ilikuwa chini ya mti wa parachichi wa jirani, mita moja na robo ndani kuliko ua wetu. Jirani alikuwepo, akaona mwenyewe, tukaandikiana. Tungejenga bila kupima, ukuta wa chumba cha mama ungekuwa kwake.

Mkaaji wa Nyalenda, nilifanya ulivyosema. Nilimwomba mama anizungushe ploti. Alichukua fimbo akatembea taratibu, akichora duara mchangani. Duara la kwanza, choo cha 1979. La pili, choo cha 1991. Kisha akasimama palipo na bomba la kufulia, akafikiri, akachora la tatu: shimo walilochimba mwaka wa kwanza wakati wanalala kwenye hema, kabla ya nyumba yoyote. Sikujua kwamba waliwahi kulala kwenye hema. Nilipiga picha maduara yote matatu, na msanifu ameyaweka kwenye mchoro.

Msanifu huyu nimemtoa kwenye orodha ya bodi, nikampigia kwa namba ya huko. Nyumba ameisogeza mita mbili na nusu kuelekea barabarani, jikoni imegeukia tangi. Vyumba viwili vya mabati vitaanza mwezi ujao kwenye pembe ya juu, tutakapopata idhini ya wakili na kaunti. Kuku watakaa hapo hapo pembeni. Yule wa laki mbili alipewa BQ ajaze, hajairudisha.

Jana jioni nilimwekea mama ramani juu ya meza, nikamwonyesha chumba chake, veranda, choo cha ndani. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza gata za paa jipya zitamwaga upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole mstari unaotoka kwenye paa hadi tangini. Akaufuata na yeye kwa kidole chake, taratibu, mpaka mwisho, akasema sasa nimletee miwani aone na hayo mengine.